Diski ya Akiba

Kwa miaka minane, kompyuta ya redio ikigoma, watu walisema neno moja: mwiteni Digna. Ilikuwa redio ndogo ya jamii pale Ifakara, na kompyuta moja ya studio ndiyo iliyobeba kila kitu: nyimbo, matangazo ya vifo, vipindi vya kilimo cha mpunga, na masimulizi ya wazee wa Kindamba ambayo Digna aliyarekodi mwenyewe, akipanda pikipiki mpaka Chita.

Kisha akaajiriwa Rosemery, binti wa miaka ishirini na minne aliyetoka chuoni Morogoro. Siku ya tatu tu aliondoa mkwaruzo wa spika uliomshinda Digna mwaka mzima. Meneja, mzee Beatus, alipiga makofi. "Rose! Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Digna naye alicheka. Kisha akaenda chooni, akakaa huko mpaka uso ulipotulia.

Tangu hapo hakuna dogo lililompita bila kumchoma. Mtangazaji wa asubuhi alileta ndizi kutoka Sanje, na Digna akaona kwamba kichane kikubwa kimewekwa kwenye meza ya Rosemery. Hata salamu ya binti yule, "Shikamoo dada Digna," ilimuudhi. Alihisi anaambiwa amezeeka.

Jumatatu moja Beatus aliwaita wote wawili.

"Diski ya kompyuta ya studio imeanza kulia kama panya," alisema. "Ikifa tumekwisha. Nataka programu ya kunakili diski nzima, ili hii ikifa tuichomoe, tuchomeke ya akiba, kompyuta iwake kama kawaida. Kila mmoja achague yake. Ijumaa tutaamua."

Digna alichagua programu ya kulipia, yenye vitufe vya rangi na maelezo marefu. Alhamisi alinakili. Ilipotokea alama ya kijani kwamba kazi imekamilika, alichomoa diski yake ya akiba na kuifungia kabatini. Kujaribu kama kompyuta itawaka nayo aliona ni usumbufu. Alama ya kijani alikuwa ameiona.

Rosemery alichagua programu ya bure, inayoanzia kwenye flashi, skrini nyeusi na maandishi meupe matupu.

"Hiyo nayo ni programu?" Digna aliuliza.

"Sura haina, dada, ila inachukua kila kitu, mpaka sehemu zilizofichika." Alisita kidogo. "Ijumaa naomba usimame nyuma yangu unitazamie. Majina ya diski huwa yananichanganya."

Ijumaa asubuhi Beatus aliwaomba radhi wasikilizaji kwa saa mbili za matengenezo. Rosemery akakaa, Digna akasimama nyuma yake. Skrini ikauliza diski ya kunakili kutoka. Rosemery akachagua. Ikauliza ya kunakili kwenda. Akachagua.

Digna aliona. Zilikuwa zimepinduliwa. Diski mpya, tupu, ilikuwa inakwenda kufuta ile yenye kila kitu. Programu ikauliza kama ana uhakika, na Digna akafungua mdomo. Ndipo akakumbuka diski yake kabatini. Akajiona akiitoa mbele ya Beatus, redio ikirudi hewani kwa mkono wake. Akafunga mdomo. Programu ikauliza mara ya pili.

"Niko sawa, dada?" Rosemery aliuliza bila kugeuka.

"Endelea."

Ilikwisha kwa dakika chache, kwa sababu diski tupu haina kingi cha kunakili. Rosemery alipowasha kompyuta hakukuwa na chochote. Aliweka mikono kichwani. "Mungu wangu, nimefuta. Nimefuta yote!"

Beatus alikuja mbio. Digna alifungua kabati polepole, akaitoa diski yake. "Mimi ninayo hapa," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu kama alivyoipanga. Wakaichomeka, wakawasha. Skrini ikaandika kwamba hakuna mfumo wa kuwasha. Wakarudia. Ikaandika vilevile.

Siku ile Beatus aliingia studio na maikrofoni tu, akazungumza kwa saa tatu mfululizo kuhusu mbegu za mpunga, na wimbo ulipohitajika aliuimba mwenyewe. Rosemery, macho yakiwa mekundu, aliichukua diski ya Digna na kuichungulia kwenye kompyuta yake ndogo.

"Dada, mafaili yote yapo," alisema. "Imekosa tu ile sehemu ndogo ya kuwashia. Kuna kisanduku hukukitia tiki. Umetuokoa."

Alitengeneza sehemu hiyo, na saa tisa alasiri kompyuta iliwaka, nyimbo na vipindi vikarudi hewani. Sauti ya bibi mmoja wa Chita ilisikika kwenye spika. Digna hakuweza kuisikiliza. Rosemery alikuwa anaandika barua ya kuomba radhi kwa meneja, na sentensi ya kwanza ilisema kosa ni lake peke yake.

"Usiandike," Digna alisema. "Niliona."

"Uliona nini?"

"Ulipozipindua. Niliona kabla hujabonyeza."

Rosemery aliisukuma ile barua kando. "Nilikuuliza, dada. Nilikuuliza kabisa."

"Uliniuliza."

Digna alikwenda mwenyewe kwa Beatus, akayasema yote akiwa amesimama. Alipewa barua ya onyo, na ufunguo wa chumba cha kompyuta ukahamia kwa Rosemery. Ile programu nyeusi ndiyo iliyochaguliwa, baada ya Beatus kuona kwa macho yake kompyuta ikiwaka na nakala yake.

Kwa wiki mbili Rosemery hakumsalimia. Alipoanza tena, alisema "Habari za asubuhi" tu, ile shikamoo ikawa imepotea. Sasa kila mwanzo wa mwezi wananakili diski pamoja. Digna anasoma majina kwa sauti, Rosemery anayarudia, ndipo anabonyeza. Na Beatus anapoita "Rose!" kutoka ofisini, Digna bado huhisi kitu kikimwuma chini ya mbavu, naye huinamisha kichwa na kuendelea na kazi.