Boriti ya Mita Tisa

Jibu lisilobadilika linatisha kuliko jibu baya. Mhandisi alipima boriti ya mita nne kwenye kompyuta: itapinda milimita tatu. Ya mita sita: tatu. Ya mita tisa, ile ya kubeba paa la ukumbi wa shule: tatu vile vile, kama kasuku.

Na karatasi ya vipimo vya boriti hiyo alikwisha kuitia sahihi jana.

Akampigia shemeji yake, kaka wa mumewe, msimamizi wa ujenzi.

"Shemeji, ngoja kwanza. Hesabu inanitia shaka."

"Lori la zege liko getini. Nipe namba, shemeji, wasiwasi ninao wa kwangu."

Akarudi kwenye kanuni aliyoiandika kwenye kompyuta. Akakagua mabano moja moja kama mtu anayechambua mchele. Akaifuta, akaiandika upya. Akafunga faili, akalifungua. Tatu.

Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alikuwa upande wa pili wa meza akipinda suruali.

"Vipimo vipya umeipa mashine," alisema, sindano mdomoni. "Vya zamani umevifuta? Mimi nikisahau karatasi ya mteja wa jana mezani, wa leo anaondoka na suruali ya mwenzake."

Mhandisi alitaka kumjibu vibaya. Badala yake akaandika herufi moja tu, u, aliyoitumia kwa urefu. Mashine ikajibu: 4.

Juzi aliipa u nne, kujaribu boriti ya baraza, akasahau. Kufunga faili hakukuifuta. Programu yenyewe hakuizima tangu juzi. Basi kila alipoandika kanuni, mashine haikusubiri iambiwe urefu: penye u iliweka nne papo hapo, ikakokotoa, ikahifadhi tatu. Aliyodhani ni kanuni ilikuwa namba kavu.

Akaifuta u. Akaandika kanuni upya, akauliza mita tisa.

Sabini na saba. Mwisho unaoruhusiwa ni thelathini na sita.

"Shemeji, msimwage. Itapinda mara mbili ya kiasi."

Upande wa pili wa simu mtambo ulinguruma.

"Tumeshamwaga mbili."

"Zivunjeni kabla hazijashika."

"Niwaambie nini watu wangu? Wako kazini tangu alfajiri."

"Waambie nimekosea mimi. Watoto watakaa chini ya paa hilo, shemeji. Nakuomba."

"Karatasi ina sahihi yako. Mimi nafuata karatasi. Ukitaka zivunjwe, njoo uyaseme mwenyewe mbele yao."

Akakata. Alipopiga tena, haikupokelewa.

Mhandisi aliiweka simu mezani. "Maji yamemwagika, dada."

Dada yake alitema sindano kiganjani, akachukua ufunguo wa gari.

"Maji ndiyo hayazoleki. Zege bichi linazoleka, kwa koleo na kwa aibu. Vaa viatu."