Mgonjwa wa Mfano

Sisimizi walikuwa wamemtangulia. Zipora aliwakuta nyuma ya nyumba, kwenye jiwe alilokojolea alfajiri, wamejipanga mstari mweusi kutoka ukutani hadi kwenye unyevu, na wengine wanazidi kuja. Aliinama kuwatazama. Siku hizi macho yake yalikuwa na ukungu, lakini mstari huu haukuhitaji macho mazuri.

Wakiwa wachache, sukari ni nane au tisa. Wakijaa jiwe zima, ni kumi na tano kwenda juu. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa nayo tangu vijiti vya kupimia vilipokwisha kwenye kituo cha afya, wiki tano zilizopita. Kimashine cha kupimia alikuwa nacho bado, kizima na betri yake, lakini bila vijiti kilikuwa pambo tu. Boksi moja la vijiti huko madukani Mpwapwa lingekula mshahara wake wa wiki mbili za kuchambua vitunguu.

Leo jiwe lilikuwa limejaa.

Alirudi ndani, akachutama kwenye kona alikouchimbia mtungi wenye mchanga mbichi, akatoa kichupa cha insulini na kukiinua kwenye mwanga wa mlango. Imebaki ya asubuhi hii na ya jioni. Akajidunga, akakirudisha kwenye ubaridi wake. Simu ikalia, ujumbe wa mradi wa sukari ukatokea kwenye kioo.

"Habari za asubuhi, Zipora! Sukari yako leo ni ngapi?"

Simu haikutaka habari za sisimizi. Ilitaka namba. Ukipitisha siku tatu bila kuandika, jina lako linageuka jekundu. Likikaa jekundu wiki mbili, unaondolewa kwenye mradi, na insulini ya bure pale kituo cha Chilendu ni ya mradi. Na ukiandika namba kubwa, umejitafutia aibu. Mwezi wa kwanza wa mradi mzee Yotham aliandika kumi na saba, ya kweli kabisa. Siku ya kliniki kijana wa takwimu wa mradi akamsimamisha mbele ya benchi zima na kumuuliza kwa sauti amekunywa pombe ya nani. Mzee wa kanisa, mwenye wajukuu kumi na mmoja! Tangu siku hiyo wagonjwa wa kule mlimani walielewana bila kikao. Kila asubuhi unaandika sita, unaandika saba, siku mojamoja unatia nane isije ikaonekana umekariri.

Zipora akaandika 6.8. Ua la kijani likachanua kwenye kioo. "Hongera! Siku ya 34."

Akapuliza pumzi kwenye kiganja, akainusa. Batholomeo, jirani yake, siku zake za mwisho alinuka mdomo kama mapapai yaliyoiva yakapitiliza. Insulini ilimwishia Ijumaa, Jumatano wakamzika. Zipora ndiye aliyekuwa akimpepea, na harufu ile hajaisahau mpaka leo.

Na leo ilikuwa Ijumaa.

Aliteremka mlima kwa miguu, saa nzima na ushee, akitazama chini kila hatua. Nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi. Jiwe likiingia kwenye kandambili hakujua mpaka aone damu, na kidonda cha mguuni alikiogopa kuliko nyoka.

Kituoni benchi la barazani lilikuwa limejaa. Ukutani, juu ya vichwa vya watu, kulibandikwa karatasi: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Chini yake, mezani, alikaa Gideoni, yule kijana wa takwimu, na kishikwambi chake.

"Shikamoo, Mama Joel! Tunakusubiri wewe tu!"

"Marahaba, mwanangu," Zipora aliitikia.

Gideoni alisimama, akafunua fulana ya bluu yenye maandishi: NAITAWALA SUKARI YANGU.

"Jamani, sikilizeni. Huyu ndiye mgonjwa wetu wa mfano. Siku thelathini na nne, kijani tupu! Mpigieni makofi."

Watu wakapiga makofi. Wale wa mlimani walipiga huku wakitazama vidole vya miguu yao. Zipora akavalishwa fulana juu ya gauni, akapigwa picha. Ya pili akapewa mzee Yotham, ambaye aliikunja na kuikalia.

"Ahsante," alisema Zipora. "Sasa naomba dawa yangu, nirudi."

"Na hapo ndipo penye habari njema." Gideoni aligeuza kishikwambi ili aone. "Mfumo umekuhamisha. Sukari imetulia, sindano basi. Kuanzia leo ni vidonge."

Zipora alishika ukingo wa meza.

"Vidonge nilikunywa miaka minne, mwanangu, vikashindwa kuishusha sukari. Insulini niliyonayo ni ya jioni moja."

"Data haidanganyi, mama. Hata mimi nikitaka kukupa, mfumo unagoma. Ona." Alibonyeza. Kitufe cha insulini kilikuwa cha kijivu, hakikuitika. "Wengine wanalilia kuacha sindano, wewe unalilia kurudi!"

Watu wawili watatu walicheka. Zipora alizunguka meza, akaingia chumba cha nesi bila kuitwa.

Nesi Naima, mwanamke wa Kondoa mwenye sauti ya chini, alikuwa akijaza daftari. Nyuma yake friji ilikuwa ikinguruma. Zipora aliitazama kwanza friji, ndipo akamtazama mtu.

"Dada Naima, nimedanganya."

Naima akainuka akafunga mlango.

"Zile namba za simu," alisema Zipora. "Natazama sisimizi, halafu naandika sita."

Naima hakucheka. "Watu wote wa mlimani mna sita nukta nane, Mama Joel. Unadhani sioni?"

"Sasa mbona umenyamaza?"

"Sikunyamaza. Nimeomba vijiti mara mbili. Nikajibiwa wagonjwa wa Chilendu wako kijani, vijiti vinapelekwa kwenye vituo vyenye wekundu."

Zipora alikaa juu ya kitanda cha wagonjwa. Ilimchukua muda kulielewa jambo hilo, na alipolielewa aliona bora asingelielewa. Kila asubuhi, kwa kidole chake mwenyewe, alikuwa amevifukuza vijiti.

"Nipime sasa hivi, basi."

"Nikupime na nini? Hata vile vya mkojo vimekwisha."

"Nipe kichupa kimoja tu. Si vimo humo kwenye friji?"

"Kila kichupa kina namba. Kikipungua, natafutwa mimi." Naima aliuegemea mlango wa friji. "Nina watoto watatu, Mama Joel, na mkataba wenyewe ni wa miezi sita."

"Nikimwambia Gideoni ukweli?"

"Atakuandika mdanganyifu. Unatoka kwenye mradi leo leo. Jaribu Mpwapwa. Daktari wa sukari anakuja Alhamisi."

Alhamisi. Zipora alihesabu kimoyomoyo: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Batholomeo hakuifikia Alhamisi. Mdomo ulimkauka, na hakujua kama ni woga au ni sukari.

"Vikopo vya mkojo navyo vimekwisha?" aliuliza hatimaye.

"Vikopo vipo tele."

"Nipe kimoja."

Alikwenda chooni. Aliporudi alipita mbele ya benchi akiwa ameshika kikopo kwa mikono miwili, akasimama pale sakafu ya baraza ilipopasuka karibu na nguzo, hatua mbili kutoka mezani kwa Gideoni. Akainama, akamimina.

"Mama! Wewe mama!" Gideoni aliruka na kishikwambi chake. "Ndiyo nini hii? Huu si uchafu?"

"Ni kipimo. Ulisema data haidanganyi. Kaa, tusubiri."

"Nitamwita mlinzi!"

"Mwite, mwanangu. Naye aje aone."

Mlinzi alikuja, mpwa wa Batholomeo. Alitazama sakafu, akamtazama Zipora, akarudi zake getini. Zipora aliketi chini, mgongo kwenye nguzo, ndani ya fulana yake ya bluu. Hakuwa na ujasiri wowote. Aliogopa wasije. Pengine sisimizi wa serikali si kama wa kwake. Mkojo ukikauka hivi hivi atakuwa ameaibika bure, amefukuzwa, na Jumatano haiko mbali. Akamwomba Mungu amletee wadudu, ombi ambalo hakuwahi kusikia likiombwa kanisani.

Dakika zilipita. Gideoni alijifanya anaandika.

Wa kwanza alitoka kwenye ufa, akazunguka, akarudi alikotoka. Zipora aliufumba mkono mpaka kucha zikamuuma. Kisha wakatoka watatu. Kisha hakukuwa na haja ya kuhesabu. Walishuka kwenye nguzo, wakatoka chini ya meza, wakapita katikati ya viatu vya Gideoni, na unyevu ule ukageuka mweusi ukitembea.

Naima alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Andika," alisema Zipora.

Gideoni aliinua kiatu kimoja, kisha kingine. Kwenye kishikwambi jina la Zipora lilikuwa bado la kijani, na ua lake.

"Niandike namba gani, mama?" aliuliza, na safari hii aliuliza kwa sauti ndogo. "Mfumo haupokei sisimizi."

"Usipowapokea hao, mimi siondoki hapa. Jioni nitajidunga ya mwisho hapahapa, na kuanzia kesho mtanitazama kama nilivyomtazama Batholomeo."

Kwenye benchi mzee Yotham alikohoa. Aliinuka kwa fimbo yake, akaiacha fulana ya bluu pale alipokuwa ameikalia, akamgeukia nesi.

"Binti yangu," alisema, "vikopo vya mkojo bado vipo? Nami nipe kimoja."