Mshenga wa Plastiki

Nailoni na polithini hazipikiki chungu kimoja. Ziyeyushe pamoja upendavyo, zikipoa nailoni inajitenga vidonge vikubwa vikubwa ndani ya mwenzake, bila kushikana naye. Ndiyo maana kiwandani kwetu, hapa Kotka, Ufini, tunatia kiunganishi. Sisi tunakiita mshenga. Akiwepo, vidonge vinakuwa vidogo na kung'ang'ania, na nyavu kuukuu pamoja na makreti ya maziwa vinageuka pulka, beseni la watoto la kutelezea thelujini.

Ijumaa moja ya vuli mshenga alikaribia kuisha. Oiva, mwendesha mashine, alikuwa amekwenda kula. Hilkka wa maabara akapunguza kipimo kwa mkono wake, kikawa nusu, akijiambia atamweleza akirudi. Hakumweleza. Sampuli za majaribio alizipiga nyundo bila kuzigandisha kwanza kama inavyotakiwa, ndiyo maana zikapita, akaenda zake sauna kuoga mvuke.

Februari, pulka moja ilipasuka mteremkoni, mtoto akashonwa kidevu. Meneja Lindroos aliibwaga mezani tukinywa kahawa. Palipovunjika palikuwa pamebanduka matabaka, kama kitunguu.

"Mzee Oiva, mshenga ulimtia, au ulimla na mkate?"

Tukacheka, nami nikiwemo, Mungu anisamehe. Oiva hakucheka.

"Nitakuwa nimesahau," akasema.

Hilkka alikodolea macho kikombe chake. Ni rafiki yangu, lakini siku hiyo alikuwa mwoga wa kupigiwa mfano. Yaliyofuata alinieleza baadaye.

Keshokutwa yake alimkuta Oiva akija kazini kwa miguu, nyusi zimeganda barafu.

"Gari limeharibika, Mzee?"

"Gari ni zima. Mbovu ni mimi. Funguo nimempa Raili."

"Mkeo? Kwa nini?"

"Kaka yangu alianza hivi hivi, kusahau kazi ya mikono yake. Aliishia hamjui mkewe. Nimemwambia Raili, siku nikimwita kwa jina la mama yangu, asinifiche."

Hilkka aliona aibu.

"Hukusahau kitu, Oiva. Mshenga nilimpunguza mimi. Wewe ulikuwa unakula. Nikanyamaza ukilaumiwa mbele yangu."

Alingoja matusi, na aliyastahili. Oiva akaketi kwenye ngazi yenye theluji, akalia kama mtoto, kisha akaushika mkono wa Hilkka kwa mikono yote miwili.

"Asante," akasema. "Asante sana."

Hilkka anasema bora angemzaba kofi.