Glasi ya Maji Mchana

Haraka aliponiita "bibi yangu kipenzi" nikajua hapa pana jambo. Huyu ni binti wa kampuni ya huduma za nyumbani, anakuja kunitunza tangu kiharusi kiniharibie miguu. Jina la Haraka nimempa mimi, maana baraka yake sijaiona. Asubuhi ile alibadilisha shuka ambazo hazikuwa chafu, akanipaka mafuta mpaka kwenye vidole vya miguu, akajaza jagi la maji na kulifunika kitambaa cheupe. Kengele, ambayo siku zote inaning'inia msumarini nisikoifikia, akanishikisha mkononi.

"Kuna harusi?" nikamuuliza.

"Mgeni anakuja, bibi. Mkaguzi wa huduma."

Mh! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikaanza kumchungulia.

Msimamizi wa kampuni alitangulia kufika. Akaniinamia, manukato yakanijaa puani. "Bibi, ukilalamika, huduma itafungwa. Mwanao anafanya kazi mbali, atafanyaje? Atakupeleka makao ya wazee." Alisema huku anatabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililonitisha. Nyumba hii tumeijenga mimi na marehemu mume wangu, tofali kwa tofali. Nataka kutoka humu nikiwa kwenye jeneza, si kwenye gari la kampuni. Nikaapa kuufunga mdomo wangu.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, na mkoba begani. Nikamsikia sebuleni akicheka na msimamizi. Haya, lao moja hawa! Kesi ya ngedere kumpelekea nyani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akafungua droo ya dawa, akanusa taulo langu, akanibonyeza visigino kuona kama vina vidonda. Kila alipouliza, Haraka alijibu kabla sijafumbua mdomo. "Anakula vizuri. Analala vizuri." Utadhani tumbo ni lake.

"Nataka kumsikia bibi," mkaguzi akasema. "Chooni wanakupeleka?"

"Wananipeleka," nikadanganya bila kupepesa macho. Msimamizi akashusha pumzi.

Mkaguzi akafunga mkoba. Nikadhani yameisha. Kumbe akachukua jagi, akamimina maji kwenye glasi. "Midomo imekukauka. Kunywa kidogo."

"Aa, mimi maji sinywi mchana." Likanitoka hivyo hivyo.

"Kwa nini?"

Msimamizi akadakia, "Wazee bwana, wana mambo yao!" Akacheka peke yake.

Ningesema nini? Haraka ananivisha nepi asubuhi, anakwenda kwenye nyumba za wengine, anarudi jioni. "Jisaidie humo humo, bibi, ndiyo kazi yake." Mimi niliyewafunza wanangu wote kwenda choo, leo nikae kwenye mkojo wangu kutwa nzima, nikiwashwa na kujinusa? Basi nikaacha kunywa. Kichwa kinagonga, ulimi mzito, lakini nabaki mkavu. Heri koo likauke, aibu isinipate.

Mkaguzi hakucheka. Akavuta kigoda, akaketi karibu yangu na ile glasi mkononi. "Nina muda," akasema. Nikazidi kumtilia shaka. Huyu ananitega. Akishapata maneno yake ataondoka zake, nami nitabaki na hawa. Lakini yale maji yalikuwa mbele ya pua yangu, na hasira ikanipanda. Hasira ya kuogopa glasi ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Nikampokonya. Nikainywa yote. "Ongeza." Nikanywa tena.

"Sasa kaa hapo hapo," nikamwambia. "Usiulize mtu. Ngoja uone."

Tukangoja. Msimamizi akakumbuka kwamba ana kikao. "Nenda tu," mkaguzi akamwambia. Hakwenda.

Nilipobanwa nikapiga kengele, ingawa Haraka alikuwa amesimama ubavuni pangu. Wacha ilie, nilikuwa nina hamu ya kuisikia.

Haraka akamtazama msimamizi. Msimamizi akatazama ukuta. Ndipo binti akakiburuta kutoka nyuma ya kabati kile kiti cha choo alichoninunulia mwanangu. Bado kimefungwa nailoni ya dukani. Akaanza kuichana kwa kucha, machozi yanamtoka. "Nisamehe, bibi. Wamenipa nyumba nyingi mno."

"Nakuonea huruma, mwanangu," nikamwambia, na ilikuwa kweli. "Lakini leo ndipo nalihitaji jina lako. Fanya upesi!"

Mkaguzi akamtoa msimamizi nje, akafunga mlango, akanishika bega moja na Haraka akashika jingine. Nikakaa kwenye kiti changu mchana kweupe, nikalia kama mtoto.

"Sasa watanihamisha?" nikauliza.

"Nyumba ni yako, bibi. Kampuni ndiyo itakayojieleza. Na mwanao nitampigia mimi."

Sikumwamini. Watu wa ofisi nawajua. Lakini nikamnyooshea glasi anijazie tena.