Mji Alioutoa Mama Bupe

Usingizi unamchukua Atuganile mchana kweupe, mvua ya Tukuyu ikipiga bati, amekaa kwenye kiti kando ya kitanda cha mwanawe, mkono juu ya blanketi, na kabla kope hazijashikana anamsikia Bupe akisema, mama, nataka tuongee, na yeye anajibu kama anavyojibu kila siku, pumzika kwanza mwanangu, ukipata nguvu tutaongea. Kisha kiti kinazama. Hakianguki, kinazama taratibu kama mguu kwenye tope, kinapita sakafu, na Atuganile anajikuta amesimama njiani katikati ya mashamba ya chai, ile njia anayoijua ya kwenda kanisani, ila leo haina mwisho, ikifika kilimani inajikunja na kurudi chini ya miguu yake, na kila akipepesa macho chai ya upande huu imehamia upande ule.

Anatembea kwa sababu ana kazi, hata ndotoni anajua ana kazi. Ni yeye anayeongoza kikundi kinachokutana kwenye ukumbi wa kanisa, wagonjwa na wazee na wanaouguza, wanakaa kwa duara na kuyasema yale yasiyosemeka nyumbani, nikizidiwa mnikimbize hospitali au mniache kwangu, watoto wabaki na nani, nizikwe wapi, nani anisemee siku nitakaposhindwa kusema. Mwanzoni watu walimkimbia, wakasema anawachuria. Siku hizi ndio wanaomwita. Ana namna yake ya kuuliza, sauti ya chini, bila haraka, na akishauliza ananyamaza mpaka jibu lije lenyewe, na wanaume ambao hawajawahi kulia mbele ya wake zao wamelia mbele yake.

Mbele anatokea mtu aliyejitanda kitenge, na pale penye uso hapana kitu, ni ngozi tupu kama kiganja. Atuganile haogopi. Naenda kwenye kikundi, anamwambia, nimechelewa, nionyeshe njia. Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega. Mama yangu anawatekea maji mtaa mzima, nyumbani kwake mtungi mkavu. Atuganile jibu analijua. Linapanda mpaka kooni, linakaa hapo, linakataa kutoka, na badala yake anasema, nimeshindwa. Basi nipe mji. Chukua Tukuyu, anasema upesi upesi, kama watoto wanaotegeana vitendawili jikoni, bila kufikiri kwamba mji una watu ndani yake. Na yule anauchukua kweli. Anauinua pembeni kwa vidole viwili, anaupindua kama mtu anayepindua sahani iliyooshwa, anauweka chini, anasema, haya, pita, na njia inammwaga Atuganile mjini.

Barabara imekuwa maji yaliyotulia, na chini yake kuna Tukuyu nyingine, kila nyumba imesimama juu ya kichwa chake, maandishi ya madukani yanasomeka kinyume, kengele ya kanisa inasikika kwanza ndipo inapigwa. Kila anayepita ana pacha wake chini, wanakutana unyayo kwa unyayo, wanaachana, wanakutana. Atuganile anainama atazame pacha wake, na pale ambapo angejiona yeye, anamwona Bupe. Ananyanyua mguu, Bupe ananyanyua mguu. Anafunika macho kwa mikono, na kupitia vidole anaona Bupe naye amefunika macho. Basi anaacha kutazama chini, anatembea ameinua shingo kama mtu aliyebeba ndoo kichwani.

Nje ya ukumbi, kwenye benchi, ameketi mzee Anyosisye. Huyu ni marehemu. Ndiye aliyesema kwenye kikundi, mbele ya kaka zake, kwamba hataki kuzikwa shamba la ukoo, anataka migombani kando ya mkewe, na kaka zake waliponuna Atuganile alisimama naye, na siku ilipofika akazikwa palepale. Ugonile, Mama Bupe, anamsalimu, umelalaje? Nimelala, mzee wangu, anajibu, halafu anasikia alichokisema, na mzee anacheka kidogo. Mimi nimelala vizuri, anasema, nimelala nilipotaka. Na binti yako? Ataamka, anasema Atuganile, siku hizi anakula, jana uji haukurudi. Mzee anamtazama kwa huruma nyingi. Sikuuliza anakulaje, mama, nimeuliza atalala wapi.

Anamwacha bila kuaga. Anasukuma mlango wa ukumbi, anaingia, na viti viko kwa duara kama alivyovipanga, vyote vitupu isipokuwa kimoja, na hapo amekaa Bupe, Bupe wa kabla ya ugonjwa, mashavu yamejaa, nywele zimesukwa. Atuganile anageuka atoke. Anafungua mlango anatokea ukumbini. Anafungua wa nyuma, ukumbini. Anafungua dirisha, anavuka kwa goti kama mwizi, ukumbini tena, na mwanawe amekaa vilevile, anamsubiri bila kinyongo, na asiye na uso amesimama ukutani. Kaa, mama, anasema Bupe. Wote wanaokaa kwenye viti hivi umewauliza. Niulize na mimi.

Anakaa. Anatafuta ile sauti yake ya kazi na haipati, anapata sauti nyingine iliyochanika, na kwa hiyo anauliza. Mwanangu, unataka iweje? Halafu ananyamaza, maana kunyamaza ndiyo sehemu ya kazi ambayo mwili wake haujaisahau. Sitaki kurudi Mbeya, anasema Bupe, zile dripu zinazonichoma mishipa, basi, nimechoka, nataka nibaki kwako. Sawa, mwanangu. Mnizike hapa, watu wasiimbe nyimbo za haraka. Sawa. Na Tupo.

Tupo ni Tupokigwe, binti wa Bupe, ameanza shule mwaka huu, baba yake alishatangulia. Atuganile anaingilia kati. Tupo yuko kwangu, hilo hata halina swali. Aende kwa wifi yangu Sekela, anasema Bupe, kule Kyela, akakue na watoto wenzake. Na mimi je? Nimekulea wewe peke yangu, mjukuu ndiye atanishinda? Hatakushinda, mama. Utamlea vizuri mno. Utamvalisha nguo zangu, utamsuka nilivyosuka mimi, akicheka utamwita Bupe, naye ataitika, kwa sababu anakupenda. Mimi nataka aitwe jina lake. Atuganile anafungua mdomo abishe. Anayo maneno mengi, nyumba anayo, nguvu anazo, na usiku atalala na nani? Lakini kwenye duara hili jibu la mtu halibishaniwi, ni yeye aliyeiweka sheria hiyo, ameirudia mbele ya kila mtu aliyekaa hapa. Machozi yanamwagika mpaka kwenye mapaja. Sawa, anasema, na neno hilo dogo linatoka kama jino linavyong'olewa, na sakafu inageuka maji, na mji wote unapanda kwenda juu, na yeye na mwanawe wanakutana unyayo kwa unyayo, wanaachana.

Bati linanguruma. Kiti kiko palepale, mkono uko juu ya blanketi, na kitandani yuko Bupe huyu wa sasa, mwembamba, midomo imekauka, macho yako wazi. Uso wa Atuganile umelowa, na hajui ameulowesha upande gani. Mwanangu, anasema, ulikuwa unataka kusema nini? Bupe anageuza kichwa kwenye mto. Si nimeshakwambia, mama? Ukasema sawa. Kisha anakunja uso, anatafuta dari kwa macho. Au nimeota? Dawa hizi zinanichanganya.

Atuganile angeweza kusema, umeota, lala. Bado ingewezekana. Mtoto angebaki, jina lingebaki. Anavuta kiti mpaka magoti yake yaguse kitanda, anaushika ule mkono uliobaki mifupa. Niambie tena, anasema. Na Bupe anaanza taratibu, sitaki kurudi Mbeya, na mama yake anaitikia kwa kichwa, akilisikia kwa mbali jina la Sekela likija na njia, na hajui aombe awe macho, au aombe awe bado usingizini.