Waa Ndani ya Yakuti

Darasa lilikuwa juu ya duka la magodoro, na kila mwanafunzi alikuwa na taa yake, kibanio chake na kitambaa cheupe cha kutandikia mawe. Yule aliyejiunga mwisho walimwita Cherehani, kwa kuwa alikuwa mshonaji kabla sonara hajamchukua dukani kwake. Sonara alikuwa na ulimi wa asali, lakini wateja wa siku hizi hawali maneno, wanataka cheti. Basi akamwambia Cherehani akasomee mawe: akifaulu atakuwa mkaguzi wa duka, akianguka atarudi kwenye vifungo na zipu zake.

Wiki ya pili walifika kwenye mawaa, yaani vitu vilivyonaswa ndani ya jiwe tangu likiwa ardhini. Cherehani alipewa yakuti samawi, kubwa kama punje ya hindi. Akaweka lenzi jichoni, akamwona mdogo wake.

Alikuwa upande wa kushoto, taa ya kichwani inawaka, anagonga ukuta wa bluu kwa nyundo. Huyu ndiye kitinda mimba wa mama yao. Aliingia machimboni mwaka uliopita, shimo likaporomoka, na kampuni ikatangaza kwamba hakukuwa na mtu ndani, ikamwaga udongo juu na kusawazisha. Maiti haikuwepo, msiba haukuwepo. Tangu hapo mama yao alikula nusu ya sahani, nusu akaifunika.

"Mwalimu," alisema Cherehani, "humu mna mtu."

Mwalimu alikuja akainama. Akathibitisha kuwa ni mtu kweli, na kwamba watu hutokea, hasa kwenye mawe ya bluu. Yeye mwenyewe aliwahi kukuta mbu, matone ya maji, na mara moja mume na mke waliokuwa wamenuniana. Mwanafunzi wa jirani alishauri jiwe lipasuliwe. Mwalimu akaeleza kwa upole kwamba waa hupasuka pamoja na jiwe lake. Halafu akauliza kama huyu anafika kwenye uso wa jiwe, na Cherehani akajibu hafiki.

"Basi halidhoofishi," alisema mwalimu. "Andika alipo, na kwamba anajongea."

Yale mawe yalikuwa mali ya tajiri mmoja, mwenye ile kampuni na lilelile shimo lililoporomoka. Aliyaazimisha kwa darasa mpaka siku ya mtihani, kisha yaende kwenye tanuri, maana moto huondoa mawaa na kukoleza rangi. Cherehani aliposikia tanuri, aliinuka. Akatoka na kibanio mkononi, hata kuaga hakuaga, akaenda kwa tajiri.

Tajiri alikuwa mtu mstaarabu. Alimpa kiti, akamwagiza mtu alete jiwe, akachungulia kwa lenzi kwa muda mrefu.

"Alisajiliwa huyu?"

"Hapana. Aliingia tu na wenzake."

"Basi hakuwemo."

"Si unamwona, bosi?"

"Namwona, dada yangu. Lakini haya ni maneno ya mwanafunzi. Niletee ripoti ya mkaguzi mwenye cheti, tutazungumza."

Lisemwalo lipo, wanasema watu. Kwa tajiri, lipo likipigwa muhuri.

Ndiyo ikawa kazi. Cherehani alisoma mpaka akaanza kuona mawaa kwenye supu. Sonara alimtania kwamba mapenzi hayo ya shule yamechelewa miaka ishirini, naye akafungua ukurasa mwingine. Alikuwa anaogopa. Akianguka mtihani, mdogo wake angebaki kuwa hadithi ya fundi wa nguo.

Jiwe liliporudishwa darasani, mama yao aliomba kumwona mwanawe, na mwalimu akamruhusu. Alikalishwa mbele ya taa, akaonyeshwa jinsi ya kushika lenzi. Akatazama.

"Amekonda," alisema.

Akaifuta lenzi kwa upindo wa nguo, akatazama tena. Aliuliza kama hewa inaingia humo. Mwalimu alijibu kwamba yakuti haipitishi hewa.

"Na bado anagonga," alisema mama. "Huyo ni wangu."

Siku ya mtihani Cherehani aliomba akague jiwe lile, akakubaliwa. Aliandika: yakuti samawi, ya asili, waa moja, mwanamume, hai, anagonga. Akafaulu kuliko wote. Mwalimu alimpa cheti, akamsahihishia herufi moja kwenye ripoti na kuipiga muhuri, na Cherehani akaipeleka kwa tajiri.

Tajiri hakupinga hata neno. Alisifu mwandiko, akasema kwa kuwa sasa imethibitishwa, jiwe haliuziki, kwani hakuna bwana harusi atakayenunua pete yenye mwanamume mwingine ndani. Alikuwa ameshalituma kwenye tanuri mara tu mtihani ulipokwisha.

"Ulisema tutazungumza," alisema Cherehani.

"Tumezungumza."

Alikimbia mpaka kwenye jengo la tanuri. Mlinzi alikisoma cheti chake kwa makini, mbele na nyuma, akamrudishia. "Hiki ni cha kukagua," alisema. "Cha kuchoma kina mtihani wake. Masomo yanaanza mwezi ujao." Cherehani aligonga mlango mpaka viganja vikavimba. Kutoka ndani nako kulisikika kugonga. Mlinzi akasema ni kawaida. Kisha pakawa kimya.

Jiwe lilitoka na bluu iliyokolea, likaletwa dukani kwa sonara, ambako Cherehani sasa ndiye mkaguzi, kwa sababu jiwe lililochomwa huandikiwa ripoti mpya na ile ya zamani hufutwa. Cherehani aliligeuza chini ya taa mpaka jicho likatoa machozi. Akamwendea mwalimu, akamuuliza kama anaweza kuandika kwamba mdogo wake alikuwemo. Mwalimu alisikitika kwa dhati, akamwomba aketi. Mkaguzi huandika anachokiona, alimwambia. Ndiyo sababu waliamini ripoti ya kwanza.

Cherehani akaandika: yakuti samawi, imechomwa, safi. Hakuna kitu ndani. Akatia sahihi.

Tajiri alikuja kuichukua ripoti yeye mwenyewe, akaisoma palepale kwenye kaunta, akamshika mkono.

"Ndivyo tulivyosema tangu mwanzo," alisema.

Akaomba nakala ya pili, ya kuweka kwenye faili la lile shimo.