Nyamizi Anafutika

Usiku wa jana niliota, wala sikuwa nimelala njaa, mjukuu wangu Nyamizi anafutika.

Alianzia miguuni. Yuko kwenye kigoda anabangua karanga, na chini ya magoti hakuna kitu. Ndala zipo, miguu haimo. Nikamuuliza kama inauma, akasema hapana, ila kuku amepita katikati yake.

Nikambeba mbio hadi ofisi ya kata. Kufungua mlango, nakuta uwanja wa ndege, na mezani limeketi daftari la vizazi, limevaa miwani. Nikaliamkia shikamoo, maana lilikuwa kubwa kuliko mimi. Likaitikia.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si huyu hapa?"

"Simuoni, mzee. Asiyeandikwa hayupo. Kazaliwa lini?"

Nikaeleza kwamba kazaliwa asubuhi ile kumbikumbi walipotoka, mpaka mkunga akachelewa kwa kuwaokota. Daftari likasema kumbikumbi hutoka kila mwaka. Basi, nikasema, mkono wake unavuka kichwa unashika sikio la pili. Mimi nilipokelewa shule hivyohivyo, nikasoma mpaka la pili. Likasema haya, ashike.

Nyamizi anainua mkono. Mkono umeshakwenda.

Wageni wa nchi za nje waliokuwa wanangoja ndege wakasimama. Wakasema nchi zao zilisaini mkataba wa haki za mtoto, mtoto ni wa wote. Mama mmoja wa nchi ya theluji akachomoa mkono wake, una saa, akamwazima. Nyamizi akashika sikio vizuri kabisa.

"Mkono wa kuazima tumeupokea," daftari likasema. "Sasa aseme mtu wa nyumbani."

Kumtazama Nyamizi, kabaki uso tu.

"Babu, sema upesi, mdomo nao unataka kwenda."

Nikasema. Tarehe ilikuwepo kwenye kadi ya kliniki. Miaka sita naambiwa niipeleke, naitikia kesho. Kadi nimeifungia ugoro.

Wageni wakatazamana. Nikaitoa mfukoni, nikaikunjua mbele ya daftari. Daftari likasogea lisome, likapiga chafya, muhuri ukaruka ukanigonga sikioni. Nyamizi akarudi mzima, mpaka kidole kidogo cha mguu.

Nikaamka. Nyamizi kalala kwenye mkeka, nimemhesabu vidole, vimetimia. Bibi yake akaingia na chai, akaniinamia, akauliza nimelalia nini, sikio lina wino wa zambarau. Nikamwomba anisomee.

"Imepokelewa," akasoma. "Na tarehe ya leo."

Chai sikunywa. Nilimwaga ugoro, nikamwamsha mtoto tukaondoka na kadi.